Ule wimbo niliuvujisha mimi

Najua nimepotea humu tangu tumalize UE, na kuna wengine mmeanza kueneza kwamba nimedisko. Sijadisko. Nina sup moja tu, ya Takwimu za Elimu, na hiyo tutaongea siku nyingine moyo ukitulia. Leo nina jambo lingine. Nimeliandika mara tatu nikalifuta, safari hii silifuti.

Alhamisi iliyopita tulikuwa kwenye kile kibanda cha chai nyuma ya hosteli, si mnakijua, cha yule mama wa chapati za kusukuma. Akaja jamaa mmoja wa mwaka wa pili, simu juu, anatamba: "Oyaa, huu bado haujatoka! Nimeupata kwa mtu wa studio!" Akaweka wimbo wa msanii mkubwa tu wa hapa mjini, jina silitaji. Watu wakajazana kama kuna ajali. Wote wanataka kurushiwa. Mimi chai ikanishinda. Nikamwachia mshkaji chapati yangu, nikaondoka zangu.

Sasa ngoja niwape kisa chenyewe.

Kwetu ni kijijini, Bariadi, mkoa wa Simiyu. Wanaonijua wanajua, maana nikilala usingizi naota ugali wa udaga na michembe. Mwaka jana mwezi wa saba nilirudi likizo. Kule mwezi wa saba ni wakati mtamu, pamba imeuzwa au inauzwa, kila mtu mfukoni ana chochote, pikipiki mpya barabarani, harusi kila Jumamosi. Kuna kaka mmoja pale kijijini, amenizidi miaka minne hivi, tumekua wote tukichunga ng'ombe. Anaimba. Si kuimba kwa bafuni, namaanisha anaimba hasa, nusu Kisukuma nusu Kiswahili. Guku yake alikuwa manju, mtunzi wa ngoma wa zile enzi za Bagika na Bagalu wanashindana mpaka jua linazama. Kwa hiyo kitu kiko kwenye damu.

Huyu kaka alikuwa amerekodi wimbo wake wa kwanza wa maana kwenye studio moja Bariadi mjini. Hela ya studio ilitoka kwenye ng'ombe wa mama yake. Ng'ombe mmoja mzima, jike, aliyekuwa anakamuliwa. Mama alikubali mbele yangu, akasema, "Nenda baba, kauimbe, ukirudi utaninunulia wawili." Mpango ulikuwa wimbo utoke Nane Nane, pale viwanja vya Nyakabindi. Mnajua Nane Nane ya kitaifa ilifanyika pale 2018, 2019 na 2020, na hata baada ya hapo maonyesho ya kanda yanaendelea kujaza watu. Kaka alishaongea na watu wapewe dakika kumi jukwaani. Alikuwa ameandaa flashi za kuuza zenye wimbo, na namba yake ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kila flashi kwa ajili ya mialiko ya harusi. Maana kwa msanii wa kijijini hela haiko kwenye wimbo, iko kwenye mialiko. Wimbo ni kama tangazo la biashara.

Mimi nikiwa ndiye "msomi" wa kijiji (msinicheke) nilimsindikiza studio kumsaidia mambo ya intaneti. Dogo wa studio, kijana mdogo kweli, labda miaka kumi na tisa, akaniwekea wimbo kwenye flashi yangu ili tukausikilize nyumbani kwenye sabufa, tuone kama besi imezidi. Faili lilikuwa na jina, na hili jina naomba mlikumbuke: MIKSI YA MWISHO USITOE.

Usitoe. Herufi kubwa.

Binamu yangu ana kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo, pale njia panda. Shilingi mia wimbo mmoja, ukichukua kumi na mbili anakupunguzia. Kompyuta yake kibodi haina herufi N, lakini inafanya kazi kama punda. Ile likizo nilikuwa namsaidia pale asubuhi ili nipate hela ya vocha. Siku moja akaja bodaboda analalamika, "Nyie kila siku nyimbo zile zile, hamna kipya?" Nikamwangalia. Nikachomeka flashi yangu. Nikamwambia huu hata Mwanza hawana.

Yani ndivyo ilivyotokea. Hakuna shetani, hakuna pombe, hakuna njaa. Nilitaka tu kuonekana mimi ndiye mwenye kitu ambacho wengine hawana. Yule jamaa wa kibanda cha chai Alhamisi alikuwa na uso ule ule niliokuwa nao mimi.

Nilidhani nitampa huyo mmoja. Kesho yake wakaja saba, wanaulizia "ule wa bodaboda". Siku nne, watu arobaini na moja. Najua idadi kwa sababu binamu anaweka vijiti kwenye daftari, kila wimbo na vijiti vyake. Siku ya tano haikuwa na haja ya kuja tena kibandani, wakawa wanarushiana wenyewe. Nikausikia kwenye mashine ya kusaga. Nikausikia mnadani kwenye spika ya muuza mitumba. Halafu kuna mtu, mpaka leo hatumjui, akauweka YouTube na picha ya msanii mwingine kabisa na chini yake kaandika namba yake: kwa mialiko ya harusi piga hapa.

Nane Nane nilikuwepo. Kaka akapanda jukwaani na shati jeupe la kuazima. Akaanza, na watu wote wakaimba naye toka neno la kwanza. Kwa sekunde kama thelathini hivi nilifikiri basi Mungu ni mwema, nimemsaidia. Wimbo ulipoisha, mzee mmoja pale mbele akapaza sauti, tena kwa upole tu, wala si kwa dharau: "Umeuimba vizuri kijana huo wimbo wa watu. Haya sasa tuimbie wa kwako."

Hakuwa na mwingine. Alishuka.

Flashi aliuza tano.

Lawama zote zikaenda kwa dogo wa studio. Nani mwingine angekuwa na wimbo? Mwenye studio akamfukuza. Kaka hakunishuku hata siku moja, kwa sababu mimi ni mdogo wake. Na mimi nikapanda basi nikarudi chuo.

Sasa hapa ndipo anaingia mbebwa wangu. Wale mliosoma zamani kabla ya hosteli hizi mpya mnajua kubebana ni nini, kitanda kimoja watu wawili kichwa na miguu, na mkaguzi akija mmoja anaingia kabatini. Mbebwa wangu anasoma sheria. Ana kile kiburi cha watu wa sheria cha kutembea na sheria yenyewe mkononi kama tasbihi. Ile Alhamisi usiku nikamuuliza kwa kuzunguka zunguka, "Hivi mtu akitoa wimbo wa mtu kabla haujatoka, ni kesi?" Akaniangalia. "Ni wewe?" Nikasema ni rafiki yangu. Akasema, "Haya, huyo rafiki yako akae vizuri."

Akanifungulia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999. Nikajaribu kujitetea kwanza na nilichodhani ni silaha: wimbo wenyewe haukusajiliwa COSOTA! Kaka alikuwa hajasajili chochote! Mbebwa akacheka mpaka kitanda kikatingishika. Kumbe kwa sheria yetu kazi inalindwa kwa sababu tu imetungwa, siku ile ile. Kusajili kunakusaidia kuthibitisha kwamba ni yako ukienda kudai, lakini haki inakuwa imeshazaliwa. Na hailindwi kwa sababu imetoka redioni. Hata ikiwa bado kwenye flashi ya mtu ni yake, na ni yeye mwenye haki ya kuamua inakiliwe, isambazwe, ipigwe hadharani au ikae kabatini mpaka afe. Na akifa bado inalindwa miaka 50.

Halafu akaniambia wimbo mmoja si kitu kimoja. Kuna aliyetunga maneno na sauti, kuna aliyeimba, kuna aliyegharamia na kusimamia kurekodi. Hizo mbili za mwisho ndizo hakishiriki. Kwa kaka zote tatu ziliangukia kwa mtu mmoja, maana ng'ombe alikuwa wa kwao.

"Sasa huyo rafiki yako, alipata hela?"

Nikasema kidogo sana. Mia mia.

Akatikisa kichwa. Sheria ile ilipotungwa 1999 ilisema anayevunja haki hizi kwa kujua, tena kibiashara, kosa la kwanza ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Imerekebishwa tangu wakati huo, lakini kilichonichoma si tarakimu. Ni hayo maneno "kwa kujua". Kwa sababu nilishaanza kuandaa utetezi kwamba rafiki yangu hakujua. Kichwani faili likanijia na herufi zake kubwa. Nani atamwamini mtu anayesema hakujua wakati ameambiwa USITOE na jina la faili lenyewe?

Nikadhani tumemaliza. Akasema bado, alitumia nini kusambaza? Nikasema kompyuta. Akatoa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24. Ukitumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kuvunja haki miliki za mtu, hata kama hukupata senti, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Ukifanya kibiashara, faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 5, au vyote, na bado mahakama inaweza kuamuru umlipe fidia uliyemwumiza.

Mimi nasomea kufundisha Kiswahili. Tofauti ya "isiyozidi" na "isiyopungua" nimeifundisha kidato cha pili kwenye BTP kwa mifano ya maembe. Sikuwahi kudhani ipo siku itaniamsha saa nane za usiku. Isiyozidi maana yake hakimu anaweza kukuonea huruma mpaka chini kabisa. Isiyopungua maana yake mlango wa chini umefungwa.

Arobaini na moja mara mia ni shilingi elfu nne na mia moja. Kuna siku nimekula chipsi za zaidi ya hapo.

Nikamuuliza, lakini kweli kuna mtu anafungwa kwa wimbo? Akaniambia ya AY na MwanaFA, ambao mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kutumia nyimbo zao Dakika Moja na Usije Mjini kama miito ya simu bila idhini. Kampuni haikukubali, mambo yakaendelea mahakama za juu, ndiyo kawaida ya kesi kubwa. Ile haikuwa kuvujisha, nyimbo zilishatoka zamani. Ila inaonyesha mahakama ya hapa hapa inaweza kukaa chini ikapiga hesabu ya wimbo.

Za kuvujisha hasa nikazitafuta mwenyewe, maana usingizi ulishakwisha. Iliyonikaa ni ya Mmarekani mmoja anaitwa Kevin Cogill. Huyu alikuwa mtu wa blogu, kama mimi hapa. Mwezi wa sita 2008 akaweka kwenye mtandao nyimbo 9 za Guns N' Roses kutoka albamu ambayo watu waliisubiri zaidi ya miaka kumi. Mwezi wa nane polisi wa shirikisho, FBI, wakamfuata asubuhi nyumbani. Kule tangu 2005 wana sheria maalumu kabisa ya kazi ambazo bado hazijatolewa: kuiweka tu mtandaoni, hata bure, inaweza kukupeleka jela mpaka miaka 3. Yeye alikiri, kosa likapunguzwa, na mwaka 2009 akapewa mwaka mmoja wa uangalizi na miezi miwili ya kufungiwa nyumbani. Nasoma huku najiuliza, jamani, yeye hakuuza hata mia.

Kuna Muisraeli, Adi Lederman, aliyeingia kwenye kompyuta za watu wa Madonna, akapata miezi 14 mwaka 2015. Kuna Mwingereza Adrian Kwiatkowski wa Ipswich, huyu alikuwa na miaka 23 tu, rika letu hili. Aliiba nyimbo mbili za Ed Sheeran na 12 za Lil Uzi Vert akaziuza kwa sarafu za mtandaoni, akavuna kama pauni 131,000. Mwaka 2022 akahukumiwa miezi 18. Na mwezi wa tatu 2025 fundi wa zamani wa studio ya Eminem kule Michigan alifunguliwa mashtaka kwa nyimbo zaidi ya 25 ambazo hazijatoka.

Mbebwa wangu alivyoamka akanikuta bado nipo kwenye simu. Akasema, "Sikiliza. Hao wote wanafuatwa kwa sababu nyuma yao kuna kampuni zenye mawakili. Kaka yako hana wakili, ana mama mwenye ng'ombe pungufu. Hakuna atakayekushtaki." Akadhani ananifariji.

Nikamuuliza na yule dogo wa studio je, naye ana kosa? Akasema dogo alikupa wimbo kwa kazi, mwenye wimbo akiwa amesimama pale pale na ameridhia. Amefanya kosa gani? Mliopewa kwa kusikiliza ni nyie wawili, na mmoja wenu akafungua duka.

Na ya mwisho akaniambia kama mwanasheria, nisimpigie kaka. Kukiri kwa simu ni ushahidi, na siku hizi kila mtu anarekodi.

Jumapili baada ya misa nikampigia.

Nilianza na salamu zote za Kisukuma ninazozijua, ng'wadila baba, habari ya mama, habari ya ng'ombe. Halafu nikasema. Nilisema yote kwa mkupuo, flashi, bodaboda, vijiti vya binamu. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Nasikia kuku kule kwao.

Akaniuliza, "Ulipata shilingi ngapi dogo?"

Nikamwambia. Elfu nne na mia moja.

"Na studio pale nilivyosema tusiutoe, ulinisikia?"

"Nilikusikia kaka."

Akanyamaza tena. Halafu akasema ile hela nimtumie, yote, na ya kutolea juu. Akasema wimbo aliutunga akichunga ule ule ng'ombe aliyeuzwa, kwa hiyo nisimwambie habari ya samahani kwanza, samahani atanidai mwenyewe akiwa tayari. Kuhusu COSOTA au mahakama hakuniahidi kitu, wala kunitisha. Alichosema ni kwamba guku yake alikuwa akiwafundisha wachezaji wimbo mpya usiku, mbali huko mbugani, ili upande wa pili wasiusikie kabla ya siku, na hakuna hata mmoja wa upande wake aliyewahi kuutoa. Miaka yote hiyo, hata mmoja. Na huko hakukuwa na sheria ya 1999.

Kisha: "Yule kijana wa studio utampigia wewe. Si mimi. Na mwenye studio pia utamwambia wewe kwa mdomo wako."

Hela nimetuma. Meseji ya kupokea imerudi, neno hakuniandikia.

Mwenye studio nimempata juzi, kanitukana dakika mbili nzima, nikasikiliza zote. Amesema kijana akitaka kurudi arudi. Tatizo kijana mwenyewe namba yake haipatikani, nimejaribu tangu Jumatatu, asubuhi na usiku. Binamu anasema alisikia yuko Lamadi anauza samaki, mwingine anasema kaenda Geita machimboni. Binamu ataenda Lamadi Jumamosi kumuulizia, nimemtumia nauli.

Haya, kuna mtu hapa ana notsi za Takwimu? Sup ni wiki ya kwanza ya mwezi ujao.